Mtihani wa Sayansi Usiwe Mtihani wa Kiingereza

Katika miaka ya karibuni skuli za ghorofa zimeinuka Unguja na Pemba, nyingi kati yao zikiwa na maabara, maktaba na vyumba vya kompyuta. Ni kazi inayostahiki pongezi, nasi hatuoni haya kuipongeza. Mzazi aliyezoea kumwona mtoto mmoja akienda skuli asubuhi na mwengine akienda mchana, kwa sababu vyumba havitoshi, anaijua thamani ya ukuta mpya. Lakini ukuta haufundishi. Mlango wa darasa ukishafungwa linabaki suala moja ambalo bado halijajengewa ghorofa: mwalimu anasema na mtoto kwa lugha gani, na mtoto anafahamu nini katika hayo anayoambiwa?

Suala hili limezungumzwa katika Baraza la Wawakilishi, katika semina za walimu na katika baraza za kahawa, hata wako waliokwisha kulichoka. Sisi hatuna ruhusa ya kulichoka, kwa sababu kila mwaka wako watoto wanaolipia.

Tuanze na yanayojulikana. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilileta mabadiliko makubwa. Ilipanga miaka 6 ya elimu ya msingi na miaka 4 ya sekondari ya kawaida, na ikaipa elimu ya maandalizi nafasi yake katika mfumo rasmi. Humo humo iliagiza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kabla ya hapo mtoto alisoma masomo yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakaa mwaka mmoja katika darasa la matayarisho ndipo akaingia kidato cha kwanza na kukutana na Kiingereza. Darasa lile la matayarisho lilikuwa na kasoro nyingi, nasi hatulililii. Lakini katika mpango mpya liliondoka, na mpaka kati ya lugha mbili ukasogezwa nyuma, ukamkuta mtoto akiwa mdogo zaidi.

Nia ya waliopanga hivyo ilikuwa njema. Walisema: ikiwa mtoto anazama akifika kidato cha kwanza, basi na atiwe majini mapema apate kujua kuogelea. Sisi watu wa visiwani tunalifahamu vyema neno hilo. Tunafahamu pia kwamba mtoto hufundishwa kuogelea na mtu anayeogelea. Mwalimu wa darasa la tano ambaye mwenyewe alisoma kwa Kiswahili, akafunzwa ualimu kwa mchanganyiko wa lugha mbili, na wala hana pa kukisema Kiingereza akishatoka darasani, anapewa kitabu cha Kiingereza na kuambiwa afundishe sehemu za desimali. Tusimlaumu. Hana kosa ila moja, nalo ni kwamba aliitikia wito.

Afanyeje mwalimu huyo? Kila aliyewahi kukaa nyuma ya darasa anajua. Anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anasoma kwa sauti, watoto wanaitikia kwa pamoja kama wanaoitikia dua, kisha anawatazama nyuso, anaona hakuna kilichoingia, anaanza upya kwa Kiswahili. Hapo macho yanafunguka na mikono inainuka. Mkaguzi akitokeza mlangoni, mwalimu anarudi kwenye Kiingereza chake na mikono inashuka. Hivi ndivyo tunavyoendesha elimu: mtoto anafahamishwa kwa lugha moja kwa kificho, na anapimwa kwa lugha nyengine kwa dhahiri. Kinachofanya kazi darasani kimekuwa kama magendo.

Na siku ya mtihani hakuna wa kumtafsiria. Mtoto anajua kwa nini maji ya chungu yanapungua yakichemka, lakini hajui swali linamuuliza nini. Anaandika asichoulizwa, au ananakili maneno ya swali lenyewe kuwa ndiyo jibu, au anaiacha karatasi nyeupe. Msahihishaji anatia sifuri, na sifuri ile inaandikwa kuwa ya sayansi. Baadaye wakubwa wanakutana na kuuliza kwa nini watoto wa visiwani hawapendi sayansi.

Haya si maneno yetu tu ya gazetini. Zaidi ya miaka 10 iliyopita watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waliwachunguza wanafunzi wa kidato cha pili hapa hapa kwetu. Waliwapa maswali ya mtihani kama yalivyo kwa Kiingereza, kisha yale yale yakiwa yamerahisishwa lugha, kisha kwa Kiswahili. Wakaona kwamba wapo wanafunzi wasioweza kuandika lolote katika karatasi ya kwanza, lakini wanalijua somo pindi swali likiwafikia kwa lugha wanayoifahamu. Uchunguzi huo umefanywa na umechapishwa. Kilichokosekana ni wa kuutumia.

Wako wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Tunawashangaa kidogo. Lugha hii ndiyo ambayo mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja yake ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwa Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku yake duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukaifanya lugha ya kazi. Kila Julai tunaifanyia hotuba na ngoma. Ikifika Agosti tunasema haiwezi kumueleza mtoto wa miaka 11 habari za mvuke.

Istilahi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar limetupa Kamusi la Kiswahili Fasaha tangu mwaka 2010. Tunakubali kwamba neno kama usanisinuru ni geni kwa mtoto wa Kiwani sawasawa na mwenziwe la Kiingereza. Lakini ugeni wake si wa namna moja. Nuru mtoto anaijua; nusu ya neno iko nyumbani kwao tayari, na mwalimu anabakiwa na kazi ya nusu nyengine. Katika neno la Kiingereza nusu zote mbili ni kuta.

Tena sayansi yenyewe imetuzunguka. Mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kuandika jina lake. Anajua kwamba mwezi ukiandama maji hutoka mbali na kina mama huenda pwani. Hii ni fizikia, na imo kichwani mwake kwa Kiswahili. Mtoto wa Paje na Jambiani anamsikia mama yake akilalamika kwamba mwani unaoza na kukatika kwa sababu bahari imekuwa ya moto. Hiyo ni biolojia na ni uchumi wa nyumba yao. Mtoto wa Pemba anajua karafuu isiyokauka sawasawa hufanya ukungu, na ya mvua haipati bei. Mwalimu mwenye busara angeanzia hapo. Lakini akianzia hapo anaanzia kwa Kiswahili, na kitabu alichopewa kinaanzia pengine kabisa.

Wazee wetu waliwahi kukutana na tatizo hili hili na walilitatua vizuri kuliko sisi. Elimu yao ilikuwa ndani ya vitabu vya Kiarabu. Sheikh alikisoma kitabu kwa Kiarabu chake, kisha akakisherehesha kwa Kiswahili, jumla kwa jumla, mpaka aliyekaa nyuma ya darsa akafahamu. Hakuna aliyesema kwamba kusherehesha ni kuidhalilisha elimu. Kwa njia hiyo Unguja ikatoa wanavyuoni walioijua lugha ya kitabu barabara na kuitumikia lugha ya watu. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1969, alikuwa pia mwalimu wa skuli. Kwao kufahamu kulitangulia, na Kiarabu kilifundishwa kama Kiarabu, kwa nahau na sarufi yake, na mtu anayekijua.

Sasa tuje kwa wazazi, kwani hapa ndipo penye uzito, na hatutaki kuwapita kwa maneno matamu. Mzazi wa leo anataka mtoto wake ajue Kiingereza, na ana haki. Anaona hoteli zinavyoajiri. Anaona wenye uwezo, na baadhi yao ni viongozi wanaotuhimiza kukienzi Kiswahili, wakiwapeleka watoto wao skuli za binafsi zinazosomesha kwa Kiingereza tangu maandalizi. Akiambiwa kwamba mtoto wake wa skuli ya serikali atasoma hisabati kwa Kiswahili, anashuku kwamba anafungiwa mlango. Shaka hiyo haiondoki kwa kumwambia kwamba hana uzalendo.

Jawabu letu kwake ni hili: mtoto wako hakijui Kiingereza kwa kufundishwa hisabati kwa Kiingereza kibovu. Anakosa vyote viwili. Angalieni vijana wa Nungwi na Kiwengwa, wengi wao wanasema Kitaliana cha kufanyia biashara na hawakuwahi kusomeshwa kemia kwa Kitaliana. Walikipata kwa kukaa na Wataliana na kusemezana nao kila siku. Lugha hupatikana kwa wenye lugha. Mtoto wa Kojani, wa Fundo, wa Kisiwa Panza au wa Tumbatu akishavuka maji kurudi nyumbani hasikii neno la Kiingereza mpaka asubuhi ya pili, na huko darasani anayemsikiliza ni mwalimu ambaye naye hakubahatika. Kumdai mtoto huyo kwa mizani ile ile anayodaiwa mtoto wa mjini mwenye televisheni na mwalimu wa ziada ni kumdai deni asilokopa.

Kwa hivyo Kiingereza kifundishwe, na kifundishwe kwa nguvu zaidi ya sasa, lakini kama somo, na walimu waliochaguliwa kwa kukijua na kupewa mafunzo ya kutosha. Serikali ikiwa na fedha za kuwafunza walimu wote wa hisabati na sayansi Kiingereza, tunaamini zitafaa zaidi zikitumika kwa walimu wa Kiingereza wenyewe, ambao ni wachache kuliko hao na ndio kazi yao.

Ndugu zetu wa Tanzania Bara wamekuwa na mjadala huu kwa muda mrefu kuliko sisi, na historia yao inafundisha. Skuli za msingi za serikali huko zilianza kufundishia kwa Kiswahili mwaka 1967. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo likawekwa kando. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi na kukuta kwamba wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kusomea masomo mengine. Juu ya hivyo wakashauri Kiingereza kiendelee na kipigwe jeki, na mradi uliogharamiwa na Uingereza ukaanza. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walianguka, hata ikaundwa tume. Sera ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikasema Kiswahili kitafundishia katika ngazi zote, ikabaki katika karatasi. Toleo la 2023 la sera hiyo limezinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, na sekondari imebaki kwa Kiingereza. Ni miaka zaidi ya 40 ya kukata shauri na kulikatua.

Historia hiyo inatuhusu. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, nasi tuna Wizara yetu, sera yetu na Baraza letu la Mitihani. Lakini mtihani wa kidato cha nne ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na elimu ya juu ni ya Muungano. Maofisa wetu wakibanwa husema: tungependa, lakini mtoto wetu atakwenda kukutana na karatasi ya Kiingereza kidato cha nne. Hoja hii ni ya kweli kwa kidato cha nne. Haiwezi kuwa hoja kwa darasa la tano, wala kwa mitihani inayotungwa, kuchapwa na kusahihishwa hapa hapa Zanzibar.

Hatusemi tuamke kesho tugeuze kila kitu. Liko funzo la kisiwa jirani, Madagaska, ambako baada ya misukosuko ya mwaka 1972 serikali iliingiza Kimalagasi kufundishia badala ya Kifaransa. Shauri lilikuwa la haki, lakini vitabu vilikuwa vichache na walimu hawakuandaliwa. Wenye nazo wakawapeleka watoto wao skuli za Kifaransa, wasio nazo wakabaki na lugha yao bila ya vitabu, na ilipofika miaka ya 1990 nchi ilikuwa imerudi kwenye Kifaransa huku watu wakikilaumu Kimalagasi kwa makosa ya watu wazima. Kiswahili chetu tusikitie katika mtihani wa namna hiyo. Neno halishindwi kwa sababu ni bovu. Hushindwa kwa kutochapwa.

Tunayoyataka yanawezekana, na baadhi yake hayahitaji hata fedha nyingi. La kwanza kwetu, na tunalisisitiza kuliko mengine, ni karatasi ya mtihani. Baraza la Mitihani la Zanzibar lichape maswali ya hisabati na sayansi kwa lugha mbili ubavu kwa ubavu, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa ile anayoimudu. Hapana haja ya kungojea mtaala mpya kwa hilo. Linahitaji wafasiri wachache wenye kulijua somo, na BAKIZA ipo. Matokeo ya miaka miwili ya karatasi za namna hiyo yatatuambia ni nani asiyejua sayansi na ni nani asiyejua Kiingereza, jambo ambalo mpaka leo hakuna ofisa anayeweza kulisema kwa hakika akiwa na karatasi ya lugha moja mbele yake.

Pili, mtoto amalize elimu ya msingi akiwa amejifunza hisabati na sayansi kwa Kiswahili kilicho wazi na kilichoandikwa vitabuni, si kwa kificho. Vitabu hivyo viwe na istilahi za lugha zote mbili mwisho wa kila sura, ili akifika sekondari asikute watu asiowajua. Tatu, mwalimu aondolewe hofu. Mkaguzi akiingia darasani akamkuta anasherehesha kwa Kiswahili, amwandikie kuwa anafundisha.

Kuhusu kidato cha nne, Wizara yetu izungumze na wenzao wa Bara kama mwenye hoja, kwa sababu tatizo ni la pande zote mbili. Mtoto wa Rufiji na mtoto wa Konde wako katika chombo kimoja.

Tunajua kwamba ofisini yatasemwa maneno mawili: kwamba suala linafanyiwa kazi, na kwamba wadau watashirikishwa. Tumeyasikia mara nyingi. Wadau wenyewe wako madarasani, na mwaka mmoja wa kusubiri kwa ofisa ni darasa zima lililopita kwa mtoto. Bajeti ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali itakapofika mbele ya Baraza la Wawakilishi, tungependa Wawakilishi wa majimbo ya visiwa vidogo, ambao watoto wao ndio wanaovuka maji, wamuulize Waziri mambo mawili na wasikae mpaka wajibiwe: karatasi ya lugha mbili itaanza mwaka gani, na kifungu chake cha fedha kiko ukurasa wa ngapi.